Gari Langu Linaongea Kijapani

Kila nikiwasha gari asubuhi, dada aliyemo kwenye dashibodi ananisemesha. Mwaka wa nne huu. Sauti tamu, adabu tele, Kijapani kitupu. Abiria wakiniuliza anasema nini, nawajibu, "Anatusalimia." Kuna mzee mmoja wa Tandika humwitikia kabisa: "Marahaba, binti yangu."

Basi nikajifanya msomi, nikaanza kujifunza.

Nilidhani mteremko, maana irabu zao ni hizi hizi zetu: a, e, i, o, u. Kumbe chambo. Siku ya pili nikakutana na vijineno vinavyobandikwa nyuma ya nomino: wa, ga, o, ni, de. Vidogo kama dagaa, miiba kama perege. Hiyo wa inaandikwa ha, inasomwa wa. Ukiwepo tu hotelini, ni ni. Ukianza kula, ni de. Hoteli ileile, benchi lilelile, sahani haijasogea!

Kitenzi nacho kinakaa mwisho wa sentensi, na kukanusha kumejificha mkiani mwake. Haraimasu, analipa. Haraimasen, halipi. Yaani unayemdai anaongea, umekaa roho juu, na hujui kama hela ipo mpaka amalize pumzi. Shemeji yangu angeipenda sana lugha hii.

Lakini kilichonikondesha ni umbo la te, yaani kitenzi kinapobadilishwa mkia kiishie na te au de. Nomu, kunywa, inakuwa nonde. Kaku, kuandika, inakuwa kaite. Nikasema aa, kanuni nimeikamata: ku inageuka ite. Nikaifikia iku, kwenda, nikatamka "iite" kifua mbele. Wapi! Ni itte. Imeamua tu. Halafu kite ni njoo, au vaa; kitte ni kata; kiite ni sikiliza. Nikifanya mazoezi sebuleni, Mama Nasra anauliza kuku gani namfukuza. Na shinu, kufa, inakuwa shinde. Mtu umezoea kuomba timu yako ishinde, kumbe huko unaitakia msiba.

Sisi tunasema "kulishwa", basi. Wao, ukilazimishwa kula, ni tabesaserareru. Ukimaliza kuitamka ugali umepoa.

Juzi nawasha gari, Mama Nasra kakaa pembeni, yule dada akaanza. Safari hii nikamdaka neno kwa neno. Kaado, kadi. Ga, kale kadagaa. Soonyuu, kuingiza. Sarete, kutendwa. Imasen, ile ya mkiani: hapana.

"Kadi haijaingizwa!" nikapiga kelele.

"Kadi gani?"

"Ya kulipia barabara. Za huko kwao Japani."

Akavuta mkanda, akaufunga taratibu. "Miezi minane unasoma. Kumbe anadai nauli."

Nikatia gia. Tumefika kwenye kona ndipo akaongeza:

"Usimwambie yule mzee wa Tandika."