Dar es Salaam: kanda za mkoloni ndani ya ramani ya leo

Wanaosema Dar es Salaam haina ubaguzi wa makazi wana hoja. Hakuna sheria inayomzuia Mwafrika kuishi Oysterbay, mtaa wa Wazungu enzi za ukoloni, na mawaziri na majaji wamekaa huko tangu uhuru. Wahindi wengi wa Upanga nao walipenda wenyewe kukaa karibu na nyumba zao za ibada na shule za watoto wao. Kutaka jirani unayesali naye si kosa, na sioni haki ya serikali kuliingilia hilo.

Ila miaka ya 1920 Waingereza waliligawa jiji kanda tatu: Uzunguni, Uhindini, kisha Kariakoo kwa Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwazi wa Mnazi Mmoja, kwa kisingizio cha afya. Kanuni zao za ujenzi hazikumtaja mtu kwa rangi. Zilidai kanda ya kwanza ijengwe nyumba za mtindo wa Kizungu tu, na hapo asiye na fedha alikuwa ameshakataliwa.

Baada ya uhuru kanda zilibaki kwa jina jingine: ujazo wa chini, wa kati, wa juu, yaani viwanja vikubwa, vya kati na vidogo. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema sasa ni suala la kipato tu. Kipato hakimtengi mtu peke yake. Kinasaidiwa na mchoro wa mipango miji. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima maeneo kama Mbweni na Kibada kwa madaraja yaleyale, na bei ikawashinda wengi wa kipato cha chini.

Nenda Manzese uone kinyume chake. Nyumba moja, korido katikati, mwalimu chumba hiki, fundi cherehani kile, mwenye nyumba chumba cha mbele. Mchanganyiko huo haukupangwa na mpima ardhi. Watu waliuziana viwanja mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Sitausifia kupita kiasi, maana choo ni kimoja uani na gari la zimamoto halipiti. Lakini kuwahamisha watu nako kuna gharama: waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011 walipewa viwanja Mabwepande, mbali na Jangwani na Kariakoo walikokuwa wakipata riziki.

Halmashauri zingeweza kuanza na jambo dogo: kila mchoro mpya wa viwanja vikubwa utengewe na safu ya viwanja vidogo, kwa bomba na barabara ileile. Mlinzi na dada wa kazi wa Mbweni wangelala karibu na wanakofanyia kazi, badala ya kudandia daladala mbili kabla ya alfajiri.