Jumbo si jambo letu

Mwongoza watalii mmoja wa Mji Mkongwe hupenda kuwaambia wageni kwamba Waingereza walilichukua neno jumbo, yaani kitu kikubwa mno, kutoka kwetu. "Jambo, jumbo, si umesikia?" Wageni hucheka, naye hupata bakshishi. Sitaki kumwagia mtu mchanga kwenye riziki yake, ila tarehe hazimtaki.

Masikio yanamtetea. Mwingereza akitamka jumbo, sisi tunasikia "jambo" kabisa. Wengine hutaja jumbe, mkuu wa mji, na tembo kweli ana ukuu wake. Isitoshe, Kiswahili kilishaanza kufika London: Burton, msafiri Mwingereza, alikuwa amerudi kutoka Unguja na bara, na neno safari limo katika maandishi yake, kabla ya tembo aitwaye Jumbo kuhamishwa kutoka Paris kwenda bustani ya wanyama ya London mwaka 1865.

Tatizo ni 1823. Mwaka huo kamusi ya misimu, yaani maneno ya mitaani, ya London, ya John Badcock, tayari ina jumbo: mtu mzito, mzembe wa mwendo. Ni miaka 42 kabla ya huyo tembo! Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza hajatia nanga Mombasa, atafika 1824. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyeandika kuhusu Kiswahili, atakuja 1844. Tuseme baharia fulani aliisikia salamu yetu mapema zaidi: imegeukaje jina la mtu mzito? Hapo ndipo hoja ya sikio inaponiishia.

Upande wa magharibi mwa Afrika, kitabu cha Mwingereza Francis Moore cha 1738 kinamweleza Mumbo Jumbo wa Wamandinka wa Gambia, mtu aliyejifunika vazi la kutisha na kuwatia wanawake hofu. Neno hilo Waingereza walikuwa nalo miaka 85 kabla ya kamusi ya Badcock, na nusu yake inafanana na jumbo herufi kwa herufi. Wapo pia wanaotaja nzamba, tembo kwa Kikongo. Maana inavutia, lakini jumbo wa 1823 ni mtu, si mnyama.

Tembo mwenyewe alinaswa upande wa Sudan, mbali na pwani ya jambo. Mwaka 1882 Barnum, Mmarekani mwenye sarakasi, alimnunua kwa pauni 2,000 na kumtangaza kila pembe. "JUMBO" unayoiona leo kwenye pakiti kubwa ya sabuni dukani imetoka kwenye mabango yale.