Koti la Baba Krismasi: nguo au pambo?

Kampuni ya Rubie's Costume iliingiza Marekani vazi kamili la Baba Krismasi: koti, suruali, kofia, ndevu, wigi, mkanda, glavu, vifuniko vya viatu na gunia la zawadi. Forodha wakalichambua kipande kwa kipande. Ndevu, wigi, kofia na mkanda vikapita kama vifaa vya sherehe, ushuru sifuri. Koti likaitwa nguo, asilimia 32. Suruali, asilimia 28.2. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaunga mkono forodha: koti lina zipu na bitana, hivyo ni vazi kama mavazi mengine.

Ugomvi wote unazunguka fungu 9505 la HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa kwa tarakimu. Fungu hilo ni la vifaa vya sikukuu, kanivali na burudani. Tarakimu hizo nne ni zilezile Mombasa na Dar es Salaam. Kinachotofautiana na Marekani ni kiwango cha ushuru. Kwa ushuru wa kawaida wa Marekani fungu hilo halilipiwi, na ndiyo maana kila mwagizaji anataka mzigo wake uingie humo.

Wasiwasi wa forodha si wa kupuuzwa. Mwaka 1997, katika kesi ya Midwest of Cannon Falls, mahakama ilikubali kwamba kikombe chenye umbo la boga la Halloween ni kifaa cha sikukuu ingawa kinatumika kunywea chai. Ukiufuata mlango huo bila kizuizi, sweta lolote litashonewa nyota kifuani na kukwepa ushuru unaolinda viwanda vya nguo. Marekebisho ya HS ya 2007 yakaufunga: vyombo vya meza, nguo, mashuka na vitu vya namna hiyo vyenye matumizi ya kawaida vikaondolewa kwenye sura ya 95, ile yenye fungu 9505, vikaainishwa kwa malighafi yake. Ofisa bandarini akapata kipimo anachoweza kukishika mkononi.

Lakini kwenye koti lile, kipimo hicho kinanikwaza. Nani amewahi kulivaa kwenda sokoni, au kujikinga na baridi kituoni? Zipu ipo ili mtu aweze kuliingia, basi. Tena adhabu inamwangukia aliyeshona vizuri: vazi jepesi la kutupwa baada ya usiku mmoja lina nafasi kubwa zaidi ya kuhesabiwa kifaa cha sherehe kuliko lililotiwa bitana. Sheria inayompa nafuu mwenye kazi mbovu ina walakini, hata kama majaji waliisoma sawasawa.

Marekani wenyewe waliona kwamba kipimo cha matumizi kinabana mno. Mwaka huohuo wa 2007 wakaongeza katika orodha yao ya ushuru kifungu 9817.95, kinachosamehe vyombo vyenye umbo kamili la alama ya sikukuu (lile boga likarudi kwa mlango wa nyuma) pamoja na vyombo vya nyumbani vinavyotumika katika ibada au mila maalumu ya sikukuu. Humo limetajwa neno letu wenyewe: kinara, kile cha mishumaa saba cha Kwanzaa, sherehe ya Wamarekani weusi iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966. Sisi siku hizi kinara tunamjua zaidi kwenye orodha ya wafungaji mabao. Forodha ya Marekani inamjua kwa maana yake ya zamani.

Kampuni ya WWRD ilijaribu kupita hapo na sahani za Krismasi na za Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Wamarekani. Mwaka 2018 ikashindwa: kula bata mzinga pamoja hakukutosha kuwa mila maalumu. Watetezi wake wanauliza kwa nini karamu ya mamilioni ya watu ihesabiwe pungufu kuliko mishumaa saba. Hoja ina uzito, ila nakubaliana na mahakama. Bata mzinga analika kwenye sahani yoyote. Kinara chenye matundu sita, mshumaa wa saba utausimamisha wapi?