Kabla hujamwita mtoto Iris

Wifi yangu anakaribia kujifungua, na jina la mtoto akiwa wa kike keshalipata kwenye simu: Iris. Ujumbe wake ulikuja usiku: "Wifi, ni jina la ua. Maana yake upinde wa mvua, alama ya tumaini." Shangazi mtu nina haki ya kuchokonoa jina, basi nikachokonoa.

Upinde wa mvua, sawa. Ndiyo maana ya iris kwa Kigiriki cha kale, na ndilo jina la mungu wa kike aliyekuwa tarishi wa miungu wenzake. Dioscorides, tabibu wa karne ya 1, anafungua kitabu chake cha dawa kwa mmea huu, na anasema umeitwa hivyo kwa kufanana na upinde wa mbinguni. Ukiliona ua lenyewe hubishi naye. Lipo la zambarau, la njano, la buluu, la rangi mbilimbili, petali tatu zimesimama na tatu zimeinama kama zinasujudu. Jina hilohilo Wazungu wamelipa kile kiduara chenye rangi kinachozunguka mboni ya jicho, na mwanzoni mwa karne ya 19 likazaa jina la metali ya iridiamu, kwa sababu chumvi zake zina rangi nyingi.

Ninalolikataa ni tumaini. Hilo nadhani watu wamelichukua kwa Nuhu, kwenye kile kitabu cha Mwanzo ambamo Mungu anauweka upinde mawinguni kuwa agano baada ya gharika, wakalipachika kwa Wagiriki. Katika Iliad, utenzi wa kale wa Homer juu ya vita vya Troya, mambo ni mengine kabisa. Humo Zeus, mkuu wa miungu, huutandaza upinde wa zambarau mbinguni uwe ishara ya vita, au ya baridi inayowaachisha watu kazi mashambani na kuwasumbua mifugo. Na sisi Waswahili tumeuita upinde, silaha ya kutupia mshale, ila siku hizi hakuna anayelisikia neno hilo hivyo.

Huyo Iris naye hakutumwa kwenye harusi tu. Hesiod, mshairi wa Kigiriki cha kale, anasema miungu wakigombana na mmoja wao akadanganya, Zeus humtuma Iris na birika la dhahabu akachote maji ya Styx, mto wa kuzimu. Mungu anayeyamimina na kuapa uongo hulala mwaka mzima bila pumzi, kisha miaka tisa haketi barazani na wenzake. Katika Aeneid, utenzi wa Mrumi Virgil, malkia Dido amejichoma upanga na roho imegoma kutoka. Anayeshuka, mabawa yakimeremeta rangi elfu, ni Iris. Anamkata shungi la nywele, roho inaondoka. Ndiyo maana sishangai mtu akilihusisha ua hili na makaburi. Ua la kumpokea msafiri, hilo naliamini kuliko la dukani lenye kadi ya "tumaini na hekima".

Wakroatia hawakumjali Iris hata kidogo. Wao ua hili wanaliita perunika, wakimkumbuka Perun, mungu wa radi. Wajerumani wametazama majani, wakaliita yungiyungi la upanga.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote iko mwishoni mwa Iliad. Mzee Priam, mfalme wa Troya, kafiwa na Hector, mwanawe, na maiti iko mikononi mwa adui. Kajifunika gubigubi, kichwani kajipaka samadi. Iris anamwendea, anasema naye kwa sauti ya chini, na mzee anatetemeka mwili mzima. Ujumbe ni huu: ondoka, nenda peke yako kwa aliyemuua, ukamkomboe mtoto wako umzike.

Nimemjibu wifi: jina zuri, mpe. Akaniuliza, "Kwa hiyo ni la tumaini au si la tumaini?" Nikamwambia nitampigia, habari za Priam haziandikiki kwenye ujumbe.