Nauliza makato, napewa kibubu

Hivi hizi benki zetu zinataka watoto waweke akiba, au zinataka picha za matangazo tu? Binti yangu yuko kidato cha pili. Likizo anamsaidia shangazi yake kuuza dagaa soko la Mwanga hapa Kigoma, na vihela vyake vinalala kwenye kopo la Blue Band. Nikasema tumfungulie akaunti. Hajafika miaka 18, kitambulisho cha NIDA hana, kwa hiyo mzazi ndiye anafungua kwa niaba yake, na cheti cha kuzaliwa cha RITA juu. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi uko dirishani. Nauliza makato ya mwezi, dada ananionesha kibubu cha plastiki chenye katuni! Miaka 15 huyu, jamani, anapaka wanja. Nauliza, akitoa kwa wakala anakatwa ngapi? "Mama, itategemea." Itategemea nini, upepo wa ziwa? Nageuza fomu, nyuma kuna herufi za sisimizi: ukitoa mara nyingi unakatwa. Na daftari la shule likiisha katikati ya muhula, asitoe hela?

Fomu nimeiacha palepale. Benki itakayonitajia makato kwa shilingi, bila kunichekea, ndiyo itampata.