Kahawa Ikichanganywa Haijaharibika

Jumapili iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, mtoto wa kaka yangu anayesoma Arusha alikuja kunijulia hali hapa Kikwajuni, akaniletea pakiti ya buni za Kilimanjaro zilizokwisha kukaangwa, zawadi ambayo niliipokea kwa furaha ya kweli. Nikammiminia kahawa iliyokuwa jikoni. Akanywa mafunda mawili, akaniuliza ni kahawa ya wapi, nami nikamjibu kwamba ni aina mbili, Arabika ya Mbozi na Robusta ya Bukoba, nimezichanganya mwenyewe. Akakitua kikombe kwenye sinia taratibu, akaniambia kwa adabu: “Nisamehe, ami, lakini hapo umeiharibu. Kahawa njema haichanganywi.”

Simlaumu kijana, kwa sababu hayo ndiyo anayoyasikia huko anakokunywa kahawa. Hata hivyo maneno yale yalinikaa kooni mpaka usiku, maana si mara ya kwanza kuyasikia. Siku hizi wapo wengi, hata hapa mjini kwetu, wanaoamini kwamba kahawa ya shamba moja ndiyo safi na kwamba iliyochanganywa ni duni, ni kahawa ya mtu asiyejua. Mimi naamini kinyume chake. Kwa namna tunavyoipika na kuinywa kahawa sisi watu wa visiwani, anayeichanganya kwa makini nyumbani kwake hupata ladha ambayo buni za shamba moja haziwezi kumpa, hata ziwe nzuri vipi.

Anayeitetea kahawa ya shamba moja huipika kwa namna nyingine kabisa. Huisaga papo hapo, huimwagia maji ya moto juu ya karatasi ya kuchujia, huinywa ingali inafuka moshi, na baada ya dakika kumi kikombe ni kitupu na shughuli imekwisha. Kwa kahawa ya namna hiyo Arabika peke yake yatosha, tena ni nzuri sana, kwa sababu harufu yake inayokaribia ya maua na matunda, pamoja na uchachu wake mwembamba, humfikia mnywaji kabla haijapata muda wa kupotea. Kahawa yetu haiko hivyo. Tunaitwanga, tunaitia katika maji yanayochemka, tunaiacha itokote, kisha dele, yaani birika la kahawa, linakaa juu ya makaa tangu Alasiri mpaka baada ya Isha, na anayefika barazani wa mwisho ana haki ya kikombe kama cha aliyefika wa kwanza. Haitiwi sukari wala maziwa. Inanywewa katika vikombe vidogo visivyo na mkono, pembeni pana kashata, tende au haluwa, kwa hiyo uchungu wake lazima uwe na nguvu za kusimama mbele ya utamu huo wote.

Arabika tupu nimeitia kwenye dele zaidi ya mara moja, kwa nia njema kabisa. Kikombe cha kwanza kilinifurahisha kila mara. Baada ya saa moja harufu ilikuwa imekwenda na mvuke, na kilichobaki kilikuwa maji mepesi yenye uchachu mkali unaokwaruza kingo za ulimi, kiasi kwamba ukitafuna kashata hukumbuki tena kuwa umekunywa kahawa. Robusta tupu nayo nimeijaribu. Hiyo haiogopi moto, ni nzito mdomoni na inadumu, lakini uchungu wake unakuja peke yake bila ya kitu cha kuufuatisha, na ukizidisha vikombe baada ya Magharibi utakesha, kwa kuwa kafeini iliyomo ndani yake inakaribia mara mbili ya ile ya Arabika. Moja ina harufu na haina uvumilivu. Nyingine ina uvumilivu na haina harufu. Ukizikutanisha, uzito wa Robusta huibeba ladha ya Arabika mpaka usiku, na Arabika huulainisha uchungu wa Robusta ukawa uchungu unaotamanika. Hilo ndilo jambo ambalo mtoto wa kaka yangu hawezi kulijua kwa mafunda mawili ya saa kumi alasiri. Angekaa mpaka saa mbili usiku angelijua.

Marehemu babu yangu alikuwa akitembeza kahawa Ng'ambo, dele mkono mmoja na vikombe mkono wa pili akivigonganisha, na chini ya kitanda chake palikuwa na makopo mawili ya samli yaliyokwisha kuoshwa: moja la buni za Bukoba, jingine la buni za Moshi. Alizipima kwa kibaba. Sikupata kumsikia akitaja kiasi, lakini nilimwona kwa macho yangu kwamba wakati wa kipupwe kibaba cha Bukoba kilikuwa kikijaa mpaka kufurika, na wakati wa kaskazi, joto linapokuwa kali, alikuwa akikipunguza kwa kukipangusa juu kwa kiganja. Hakuwa na cheti cha kuonja kahawa. Alikuwa na wateja waliomsubiri pembeni mwa njia kila siku, na walijua mara moja siku aliyokosea.

Kinachoniumiza zaidi katika maneno ya wanaodharau mchanganyiko ni ile dharau iliyojificha kwa Robusta, kana kwamba ni kahawa ya kujazia tu. Wahaya wa Kagera wameijua kahawa hiyo kabla ya mmisionari yeyote kupanda mche wa Arabika Kilimanjaro. Waliichemsha pamoja na majani yenye harufu, wakaikausha, wakaitafuna, na wakampokea mgeni kwayo. Na liko jambo moja ambalo natamani kila mtu anayezungumzia kahawa safi alijue: Arabika yenyewe ni mchanganyiko. Wataalamu wa jenetiki wamekwisha kuthibitisha kwamba mti huo ulitokana na kukutana kwa aina mbili za kahawa mwituni, mojawapo ikiwa ni hiyo hiyo Robusta, na nyingine ni ile inayoitwa eugenioides. Ndiyo maana seli za Arabika zina kromosomu 44, wakati za wazazi wake zina 22. Anayemwambia mtu kwamba Robusta inaichafua Arabika anamkataza mtoto asikae na mzee wake.

Wala si jambo geni katika historia ya biashara. Kahawa iliyokuwa ikipakiwa katika bandari ya Mokha huko Yemeni, na ile ambayo Waholanzi walianza kuipanda kisiwani Java mwishoni mwa karne ya 17, zilichanganywa na wanywaji wa Ulaya, na mchanganyiko huo wa Mokha na Java unahesabiwa na wengi kuwa ndio wa kale kuliko yote inayojulikana. Waitalia nao hutia Robusta katika espreso zao nyingi kwa ajili ya povu na uzito. Sisi tulioletewa desturi ya dele na Washihiri kutoka Hadhramaut tuna sababu gani ya kuona haya?

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba neno kuchanganya limepakwa matope na wafanyabiashara. Mwaka juzi nilinunua kahawa ya unga katika duka moja mjini, nikaichekecha, nikakuta chembe za mahindi yaliyokaangwa mpaka yakawa meusi. Niliumia sana, kwa sababu kahawa ile nilikuwa nimeinunua kwa ajili ya hitima. Lakini kitendo hicho kina jina lake, ni kughushi, na aliyekitenda alikusudia nisijue kilichomo. Mimi ninapochanganya najua kila punje imetoka wapi, na anayekunywa kwangu akiniuliza namwambia. Tena nakubali kwamba buni nzuri za Mbozi, zikipikwa na mtu anayechuja na kunywa hapo hapo, hazihitaji msaada wa mtu. Zaidi ya hapo sikubali.

Anayetaka kujaribu asianze kama nilivyoanza mimi. Nilimimina buni mbichi za aina zote mbili katika chungu kimoja, nikakoroga kwa mwiko wa mti bila ya kupumzika, na nilipoipua zilikuwa nyingine zimeungua na nyingine bado zina rangi ya karanga. Sababu yake naijua sasa. Punje za Robusta ni ndogo na za mviringo, na zile za Kagera kwa kawaida hukaushwa zikiwa bado ndani ya maganda, wakati Arabika yetu nyingi humenywa na kuoshwa kabla ya kuanikwa. Ukubwa, ugumu na unyevu wake ni tofauti, basi na moto wake hauwezi kuwa mmoja. Kaanga kila aina peke yake. Sikiliza mlio wa kwanza, ule unaofanana na wa bisi, kisha usiziache tena hata kwa dakika moja, na zikifika rangi unayoitaka zimwage kwenye ungo upesi, uzipepee zipoe huku ukipeta makapi. Usishangae ukiona gramu 100 za buni mbichi zimerudi kama 85, kwa sababu maji yameondoka. Zikikwisha kupoa ndipo uzichanganye, zingali nzima, uzitie katika kopo lenye mfuniko na uziache siku mbili tatu, kwa maana buni zilizotoka motoni hutoa hewa kwa siku kadhaa, na ukizipika siku ile ile kahawa hutoka povu jingi na ladha isiyotulia. Kutwanga ni siku ya kunywa, si kabla, kwani unga hupoteza harufu haraka mno.

Kipimo nilikipata siku ya Ijumaa moja, kwa mizani ndogo ya jikoni. Nilipanga vikombe vitano kwenye sinia: cha kwanza Arabika gramu 80 kwa Robusta 20 katika kila 100, cha pili 70 kwa 30, na kuendelea hivyo mpaka cha mwisho 40 kwa 60, maji sawasawa na muda wa kuchemka sawasawa. Nikabandika alama chini ya kila kikombe, nikamwita mke wangu na jirani waonje bila ya kujua kipi ni kipi. Kile cha kwanza walikisifu kwa harufu, cha mwisho walikirudisha haraka. Wote wawili walikishika cha tatu, 60 kwa 40, wakarudia. Kisha nikafanya jambo ambalo naona ndilo lenye maana kuliko yote: niliyarudisha yote motoni kwa saa moja, tukaonja upya. Kile cha 80 kwa 20 kilikuwa kimekufa. Cha 50 kwa 50, ambacho mwanzo hakuna aliyekitaja, kilikuwa kimepanda na kukaribia kabisa kile cha 60 kwa 40. Tangu siku hiyo kahawa ya nyumbani ni 60 kwa 40, na ya barazani, ambayo itakaa motoni mpaka usiku, ni nusu kwa nusu.

Iliki itwangwe na ganda lake na itiwe mwisho, dele likiwa karibu kuipuliwa. Tangawizi ni hiari ya mtu. Robusta kwa kawaida ni rahisi kuliko Arabika, kwa hiyo na mfuko nao hupumua, lakini sichanganyi kwa ajili hiyo na ningechanganya hata kama bei zingekuwa sawa.

Ile pakiti ya Kilimanjaro nimeifungua. Kwanza niliionja peke yake, kwa heshima ya aliyeileta, nikaichuja kama anavyopenda yeye, na ni kahawa nzuri yenye uchachu safi. Kisha nikapunguza gramu 20 za Mbozi katika zile 60, nikaziba pengo kwa za Kilimanjaro, na Bukoba nikaziacha pale pale kwenye 40. Zimo ndani ya kopo tangu juzi. Nimempigia simu kijana nikamwomba aje tena Jumapili kabla hajarudi chuoni, na nimemwomba asije saa kumi, aje baada ya Isha.