Soda Gani Nikuletee?

Leo jioni nimesimama dukani kwa Mangi, hapa hapa Pasua, nanunua kiberiti. Mangi akainama dirishani, akashusha sauti kama anatoa pole ya msiba: "Baba Edo, mambo yakikaza sema. Daftari lipo."

Nikamuuliza yamekaza wapi.

"Kijana hanunui juisi siku hizi. Kila siku namwona na chupa ya maji."

Yaani mtoto akinywa maji, baba kafilisika.

Kosa langu ni kuhudhuria kikao cha wazazi. Nesi alisimama mbele akatuambia kopo la soda la mililita 330 lina gramu kama 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Vijiko tisa! Mimi nikigusa cha tatu kwenye chai yangu, mama Edo anakohoa. Akaongeza kwamba Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linataka sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu anapata kwa siku, na ikiwa chini ya 5 ni bora zaidi. Wazazi tukatikisa vichwa kama maprofesa. Asilimia ya nguvu! Sasa kwenye bakuli la kande naipimaje?

Nikatangaza nyumbani: maji tu. Siku ya kwanza Edo akayanusa ya birika, akasema yananuka moshi. Nikamwambia tuko Moshi, alitaka yanuke nini. Barafu za mfuko, zile za kugeuza ulimi bluu, nazo nikapiga marufuku. Tukaenda vizuri wiki mbili.

Jumamosi kukawa na kipaimara Kiborloni.

Binti wa kuhudumia akafika mezani kwetu na kreti. "Soda gani nikuletee?" Edo akanitazama. Nikakaa vizuri kwenye kiti, nikasema kwa sauti ya mzazi aliyehudhuria kikao: "Mletee maji."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Maji ni ya meza kuu, baba."

Akaondoka. Nikajua yameisha. Kumbe kaenda kushtaki. Mama mwenye shughuli akaja mwenyewe, kilemba kimemlalia sikioni kwa haraka. "Shemeji, nimekukosea nini? Mtoto anywe maji kwenye shughuli yangu kama kaja kuchimba msingi?" Nikaeleza habari ya vijiko tisa. Akanisikiliza kwa huruma, halafu akageuka akamwambia binti, mimi nikisikia, "Ukifunga hesabu, moja mpelekee nyumbani. Wana hali ngumu."

Hapo mjomba wake Edo akavuta kiti. Shemeji yangu huyu kakulia Ngarenanyuki, kule nyuma ya Meru, na wanaowajua watu wa kule wameshanielewa. Akamuuliza Edo mbona hanywi soda.

"Baba anasema itaniozesha meno."

Mjomba akacheka, na akicheka hafichi kitu. Meno yote yana rangi ya kahawa iliyokolea. "Mimi soda ya kwanza nimeionja na miaka kumi na tisa, mjomba. Nimekua na maji. Maji matupu ya mtoni!"

Edo akayatazama yale meno. Akanitazama mimi. Akaitazama kreti.

Nikasema ngoja nimwelimishe mtoto. Kwamba ile rangi ni ya floraidi, madini yanayoingia kwenye maji kutoka miamba ya volkano ya Meru. Kwamba kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita na kule vyanzo vingi vinavuka hapo. Kwamba yanaharibika utotoni meno yakiwa bado yanajengeka, na soda haihusiki. Lakini spika ilikuwa nyuma ya sikio langu, ikabidi nipige kelele. Nikavuta pumzi, nikapaza, na MC naye sekunde ile ile akazima muziki ili tusali.

"TATIZO NI MAJI!"

Ukumbi kimya. Meza kuu yote ikatua chupa. Padri alikuwa na funda mdomoni, akabaki nalo, halimezi wala halitemi. Mama mwenye shughuli akanitazama kwa jicho ambalo nadhani litanifuata hadi kwenye msiba wangu. Nilipogeuka, Edo alishapata soda ya machungwa, nusu imekwenda, na mjomba wake anamfungulia ya pili kwa meno yale yale. Meno magumu hayo, msione rangi.

Jumapili kreti ya msaada ikaletwa kweli. Chupa 24, na bodaboda wa kuileta nimelipa mimi. Wageni wamezimaliza kwa siku tatu, maana mgeni huwezi kumpa maji, mtachekwa ukoo mzima. Sasa mwenye kreti anataka chupa tupu zake. Nimehesabu mara nne: 23. Nimepekua hadi banda la kuku. Mama Edo ananitazama tu nahangaika, ndiyo anasema ile ya 24 ndiyo anayosukumia chapati, kijiti chake kiliazimwa na jirani tangu Pasaka.

Tangu Pasaka! Na jirani mwenyewe ni huyu aliyeazima na jembe langu, akalirudisha mpini. Mpini mtupu, na shukrani juu.